Pasi nzito: uchambuzi wa kisa cha mashabiki 12 walioalikwa studio kuonja gemu mpya ya mpira

Mashabiki wakialikwa studio kuonja gemu mpya ya mpira, neno linalowatoka mapema huwa moja: nzito. Pasi nzito, mchezaji mzito, kugeuka kuzito. Neno hilo halipaswi kupuuzwa kamwe, maana anayelisema ameshika pedi ya kuchezea na vidole vyake vimehisi kitu. Tatizo ni kwamba linabeba mambo manne au matano yasiyofanana, na studio inayolifasiri haraka hutibu goti wakati kinachouma ni jino.

Kisa hiki ni cha mfano. Tumekijenga kutokana na mambo yanayojirudia katika ziara za namna hii, kwa hiyo studio haina jina, na idadi za watu na vipimo ni vya kisa chenyewe. Hesabu za fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo kwenye skrini au kamera) na milisekunde (sehemu za elfu za sekunde), njia ya kupima na sababu za kasoro ni zilezile ambazo yeyote anayetengeneza au kujaribu gemu za michezo atakutana nazo.

Ziara ilivyopangwa

Walialikwa mashabiki 12 kwa siku mbili, wiki nane kabla ya gemu kutoka. Wote walikuwa wamecheza matoleo ya nyuma kwa miaka. Saba ni watu wa mashindano ya mtandaoni, watatu wanapenda kuendesha klabu msimu baada ya msimu, wawili wanatengeneza video. Kulikuwa na vituo sita, kila kimoja na konsoli moja, pedi mbili za waya na watu wawili. Vituo 1, 2 na 3 vilitumia televisheni kubwa mpya zilizotolewa kwenye maboksi jana yake. Vituo 4, 5 na 6 vilitumia skrini ndogo za kuchezea gemu, zilezile wanazotumia watengenezaji kila siku. Jambo hilo halikuandikwa popote, na ndilo lililokuja kugharimu nusu ya ziara.

Mkataba wa usiri ulitumwa na kusainiwa kabla ya safari. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu akikabidhiwa karatasi mlangoni, ameshasafiri na begi liko mkononi, hana tena uhuru wa kuisoma na kukataa. Simu zilifungiwa nje ya chumba. Nauli na malazi vililipwa na studio, na wale wawili wa video wakaambiwa kwa maandishi kwamba watakapozungumzia gemu hadharani waseme wazi nani aliwalipia. Nchini Marekani hilo si hisani: miongozo ya FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara, inamtaka anayeisifia bidhaa aeleze uhusiano wake na kampuni ikiwa uhusiano huo unaweza kubadilisha jinsi watu wanavyoyapokea maneno yake.

Wiki nane zinatosha kwa baadhi ya mambo na hazitoshi kwa mengine, na mgeni anapaswa kuambiwa hivyo asubuhi ya kwanza. Kila kilichomo kwenye jedwali la vipimo, kama kasi ya mpira, kosa la pasi, uchovu wa wachezaji au wepesi wa kipa, kinaweza kubadilishwa ndani ya saa moja na kujaribiwa mchana uleule. Animesheni, yaani miondoko ya wachezaji, zilizokwisha kunaswa kutoka kwa watu halisi zinaweza kukatwa, kufupishwa au kubadilishiwa muda, lakini kunasa mpya ni ndoto. Sauti za watangazaji zimeshafungwa. Maandishi ya menyu yameshapelekwa kutafsiriwa. Toleo pia lina foleni ya ukaguzi wa kampuni za konsoli mbele yake, na kinachochelewa hapo kitangoja sasisho la siku ya kwanza. Shabiki asiyeambiwa haya atatumia siku nzima kuomba uwanja wa klabu yake uongezwe, na ataondoka akiamini hakusikilizwa.

Siku ya kwanza: neno moja, tafsiri ya haraka

Kikao cha kwanza kilikuwa mechi sita za dakika sita kila kipindi. Baada yake kila mtu alijaza dodoso peke yake, kimya, kabla ya mazungumzo. Hapo studio ilipatia sana, na bila hatua hiyo kisa hiki kisingefumbuliwa. Kwenye karatasi, watu 7 kati ya 12 waliandika kwamba pasi ni nzito au zinachelewa. Wakaketi pamoja, mshindani mmoja mwenye sauti akalieleza jambo hilo kwa ufasaha, na mkono ulipoinuliwa walikuwa 11. Wanne wa nyongeza hawakudanganya. Mtu akishapewa jina la kitu, anaanza kukihisi. Ndiyo maana idadi ya kutumia ni ile ya karatasi, na ya mikono ibaki kuwa dalili ya hali ya chumba.

Usiku mbunifu wa uchezaji alifungua jedwali na kuongeza kasi ya mpira wa pasi za chini kwa asilimia 8. Ni uamuzi unaoeleweka. Pasi nzito, basi mpira uende mbio. Ila hakuna aliyekuwa amewauliza wale saba swali la pili: uzito huo unaanza wapi? Kidole kinapobonyeza? Mguu unapougusa mpira? Au mpira ukishaondoka? Hizo ni nyakati tatu tofauti, na kila moja ina mwenyewe ndani ya studio.

Asubuhi ya siku ya pili majibu yalikuja mabaya kuliko jana. Pasi za kupenyeza zilipita katikati ya mabeki kabla kompyuta haijawasogeza. Pasi fupi za mita tano zilimgonga kiungo kwenye ugoko na kuruka. Na malalamiko ya uzito yalibaki palepale: watu 6 waliandika tena neno lile.

Ramani ya vituo

Aliyefumbua sehemu ya kwanza ni mtunza kumbukumbu. Alizipanga karatasi za siku ya kwanza kwa namba ya kituo badala ya jina la mtu. Kati ya 7 walioandika pasi nzito, 6 walikaa vituo 1, 2 na 3, yaani kila aliyekaa hapo. Kati ya sita wa vituo 4 hadi 6, aliandika mmoja tu.

Televisheni mpya ikitoka kwenye boksi mara nyingi huwa imewekwa kwenye modi ya picha ya kawaida, si ya gemu. Ndani yake kuna kazi nyingi zinazofanyika kabla picha haijaonekana: kulainisha mwendo, kuondoa chembechembe, kunoa kingo. Anayetazama filamu hapotezi kitu. Aliyeshika pedi anaongezewa makumi ya milisekunde kati ya kidole na jicho. Modi ya gemu huzima karibu kazi zote hizo. Baadhi ya televisheni huingia modi hiyo zenyewe zikiunganishwa na konsoli, lakini kama mpangilio huo umezimwa, au waya umechomekwa kwenye tundu lisilo sahihi, haziingii, na mara nyingi haitokei alama yoyote ya kukuonya.

Hapo ikaletwa kamera, na upimaji wenyewe unafaa kuelezwa kwa ukaribu kwa sababu yeyote mwenye simu nzuri anaweza kuurudia.

Kamera iwe na uwezo wa fremu 240 kwa sekunde. Fremu moja ya kamera ni sawa na milisekunde 4.2. Pedi iwekwe mbele ya skrini ili vyote viwili vionekane kwenye picha moja, taa ya kutosha ielekezwe kwenye kidole gumba, na skrini ionyeshe mechi ya mazoezi isiyo na mpinzani. Wenye vifaa huunganisha kitaa kidogo cha LED kwenye mguso wa kitufe ili kiwake papo hapo kinapobonyezwa. Wasio navyo hutazama kidole, na wakubali kukosea fremu mbili hivi za kamera. Kisha unahesabu fremu kutoka kitufe kinapozama hadi mstari wa nguvu ya pasi unapotokea chini ya mchezaji. Rudia mara 10, panga majibu kutoka dogo hadi kubwa, chukua la katikati. Usipime mara moja ukaridhika. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde husoma pedi kila milisekunde 16.7, na kidole chako kinaweza kuangukia mwanzo au mwisho wa kipindi hicho, kwa hiyo vipimo viwili vya hali ileile vinaweza kutofautiana kwa fremu nne za kamera bila kitu chochote kuharibika.

Kituo 5 kilitoa fremu 22, yaani milisekunde 92. Kituo 2 kilitoa fremu 38, yaani 158. Tofauti ya milisekunde 67 ni fremu nne za gemu. Kwa mtu anayecheza mara moja kwa wiki ni kitu kidogo. Kwa mshindani ambaye vidole vyake vimezoea mahali fulani, ni sawa na kubadilishiwa viatu dakika ya kwanza ya mechi. Modi ya gemu ilipowashwa, kituo 2 kilishuka hadi fremu 24.

Kasi ya mpira ikarudishwa ilipokuwa, watu wakabadilishana vituo, dodoso likajazwa upya kimya. Safari hii walioandika pasi nzito walikuwa 5, wametawanyika vituo vyote.

Watano waliobaki

Hapa ndipo studio nyingi zingesimama. Skrini zimerekebishwa, malalamiko yamepungua, safari njema. Lakini watano waliosalia walikuwa na kitu kimoja cha kufanana, na hakikuonekana mpaka walipoombwa waonyeshe badala ya kueleza. Kila mmoja alipewa pedi na dakika kumi, akaambiwa asimamishe mchezo kila anapoihisi ile kitu. Mwongozaji akawa anaandika mambo manne tu: mpira uko mguu gani, mwili umeelekea wapi, pasi inakwenda wapi, mchezaji anakimbia au anatembea. Hakuuliza kwa nini. Swali la kwa nini humgeuza shabiki kuwa mbunifu, na akishaanza kubuni suluhisho anasahau kueleza maumivu.

Karatasi zikajaa mstari mmoja: kiungo amepokea mpira akiwa ameelekea goli lake mwenyewe, anageuza pasi nyuma ya bega lake kwa zaidi ya nyuzi 90. Wote watano ni wachezaji wa pasi fupi, wanaopenda kuzungusha mpira katikati. Wale saba wengine wanacheza kwa kukimbia pembeni na kupiga krosi, na pasi ya namna hiyo hawaigusi mara mbili kwa mechi.

Kamera ikarudi, safari hii ikihesabu kutoka kidole kinapoachia kitufe hadi mpira unapoondoka mguuni. Pasi ya mbele, mpira ukiwa kwenye mguu wenye nguvu: fremu 62, sawa na milisekunde 258. Hakuna ubaya. Pasi ya kugeuka: fremu 139, milisekunde 579. Ikachukuliwa gemu ya mwaka uliopita, mchezaji yuleyule, pasi ileile: fremu 101, milisekunde 421. Mashabiki watano walikuwa sahihi kabisa. Kulikuwa na milisekunde 158 za nyongeza, na hazikuwa na uhusiano wowote na kasi ya mpira.

Zilitoka wapi? Kwenye mguu wa kuegemea. Mwaka huo studio ilikuwa imeweka animesheni mpya za kugeuka zilizonaswa kutoka kwa wachezaji halisi. Mtindo huo umeshika kasi katika gemu za mpira: FIFA 22, iliyotoka mwaka 2021, ilitangazwa kwa kunasa mienendo ya wachezaji 22 wakicheza mechi halisi wakiwa wamevaa mavazi yenye vihisi. Uzuri wake unaonekana hata kwa asiyejua gemu. Bega linashuka, nyonga inafunguka, mguu unazama kwenye nyasi. Ila binadamu halisi huchukua muda kupanda mguu, na animesheni iliyonaswa hubeba muda huo wote. Ile ya zamani, iliyochongwa kwa mkono, ilikuwa inadanganya kidogo kwa faida ya aliyeshika pedi.

Kila animesheni ina mahali ambapo inaruhusiwa kukatizwa ili nyingine ianze. Kabla ya hapo, amri yako inasubiri foleni. Katika kugeuka kwa zamani, ruhusa ilifunguka fremu ya 11. Katika kule kupya, fremu ya 20. Fremu tisa za gemu ni milisekunde 150, au fremu 36 za kamera. Tofauti iliyopimwa ilikuwa 38. Mbili zilizobaki ziko ndani ya kosa la upimaji. Ni nadra hesabu kufunga vizuri hivyo, na inapofunga, mjadala wa kama shabiki anawazia tu unakwisha hapohapo.

Marekebisho na gharama yake

Kurudisha ruhusa kwenye fremu ya 11 ndiyo njia ya mkato, na ilijaribiwa. Mguu wa kuegemea ulikatwa kabla haujatua, ukaonekana unateleza juu ya nyasi kama uko kwenye barafu. Kila marudio ya goli yangeonyesha aibu hiyo kwa karibu. Pia viungo wakawa wanageuka kama feni, na beki anayeendeshwa na kompyuta, ambaye muda wake wa kunyoosha mguu ulipangwa kwa kugeuka kupya, akawa anachelewa kila mara.

Kilichokubaliwa kilikuwa cha kati. Pasi ya nguvu ndogo, chini ya theluthi ya mstari, ikaruhusiwa kukatiza kuanzia fremu ya 13. Pasi ndefu ikabaki fremu ya 20, kwa kuwa hakuna anayegeuza mpira wa mita 40 nyuma ya bega bila kupanda mguu. Pasi iliyokatiza mapema ikaongezewa kosa la mwelekeo, ili mwenye haraka alipe kitu. Beki wa kompyuta akaruhusiwa kunyoosha mguu fremu tatu mapema. Kipimo kipya cha pasi fupi ya kugeuka: fremu 111, milisekunde 463. Bado ni pole kuliko mwaka uliopita kwa milisekunde 42, na hilo ni chaguo, maana gemu inayojibu haraka kila mahali inapoteza uzito wa mwili, na uzito wa mwili ndio uliofanya mashabiki walewale wasifie jinsi mabeki wanavyopambana kiwiliwili.

Mashabiki wa kualikwa si kioo cha wanunuzi wote, na hapa tahadhari ilihitajika. Watu 12 waliocheza maelfu ya mechi wataomba gemu ya kasi, ngumu, isiyosaidia. Kabla marekebisho hayajaingia, yalichezwa na wafanyakazi wanane wa idara zisizohusika na gemu, gemu ikiwasaidia kuelekeza pasi kwa kiwango cha kawaida. Hakuna aliyegundua tofauti. Kwa badiliko la aina hii, hayo ndiyo majibu mazuri kuliko yote.

Ambacho ziara haikukiona

Mechi zote za siku zile mbili zilichezwa na watu wawili kwenye konsoli moja. Hakuna seva, yaani kompyuta ya mbali inayounganisha wachezaji, kati yao, hakuna intaneti. Ni kasoro kubwa ya ziara za studio kwa jumla: gemu huonjwa mahali pazuri kuliko popote itakapochezwa, kisha saba kati ya wageni 12 wanarudi nyumbani kucheza mtandaoni karibu kila usiku.

Jaribio la mtandao nalo peke yake halitoshi. Konami, kampuni ya Japani inayotengeneza gemu, ilifungua jaribio la wazi la mechi za mtandaoni za gemu yake mpya ya mpira, iliyokuja kuitwa eFootball 2022, kwenye konsoli tangu mwishoni mwa Juni 2021 hadi mapema Julai, likilenga ubora wa mechi za mtandaoni na jinsi wachezaji wanavyokutanishwa. Gemu hiyo ilitoka tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, na lawama zilizomiminika zilihusu sura za wachezaji, mienendo, pasi na ulinzi. Kampuni iliomba radhi, na toleo 1.0.0 likafika Aprili 2022. Jaribio linajibu swali lililoulizwa. Ukiuliza kuhusu seva, utaambiwa kuhusu seva.

Kwa hiyo studio ya kisa hiki ilifanya jambo ambalo lingepaswa kuwamo kwenye ratiba ya siku ya pili. Iliunganisha konsoli mbili kupitia kompyuta inayoongeza ucheleweshaji wa makusudi, ikapima pasi ileile ya kugeuka kwa nyongeza ya milisekunde 30, 60 na 90, kisha kwa nyongeza ya 60 huku pakiti (kifurushi kidogo cha data) moja kati ya 100 ikipotezwa. Kwa 30 hakuna aliyelalamika. Kwa 60, pasi ilifika milisekunde 523 na neno nzito likarudi. Kwa 90 ilikuwa 553, karibu ilipokuwa kabla ya marekebisho yote. Pakiti zilipoanza kupotea, tatizo halikuwa tena uzito bali kutotabirika: pasi moja nyepesi, inayofuata nzito, na kidole hakina cha kuzoea. Wapimaji walisema wangependelea 90 tulivu kuliko 60 yenye kurukaruka.

Suluhisho la sehemu lilikuwa kuonyesha mstari wa nguvu na hatua ya kwanza ya mguu papo hapo kwenye skrini ya mchezaji, bila kungoja jibu la seva. Mpira wenyewe haiwezekani. Ukiuonyesha umeondoka kabla seva haijakubali, na mpinzani ameshaunyang'anya, utaurudisha mguuni mwa beki mbele ya macho ya mtu, na hilo linaudhi kuliko kuchelewa.

Wale watano walitumiwa toleo jipya wiki tatu baadaye, kupitia akaunti za majaribio zenye jina la kila mmoja likipita kwa kufifia juu ya picha ili toleo lisivujishwe, pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha walichokisema, kilichopimwa na kilichobadilishwa. Watatu waliandika kwamba pasi sasa iko sawa. Wawili, wanaocheza kutoka mbali na seva, waliandika kuwa usiku bado ni nzito, wakataja saa. Wakati huo toleo lilikuwa limekwisha kwenda kwenye ukaguzi wa kampuni za konsoli, kwa hiyo saa zile zilipelekwa kwa watu wa seva pamoja na vipimo vya kamera, kwa ajili ya sasisho la siku ya kwanza.